Macho ya Samaki Kwenye Rangi ya Zambarau

Rangi ya kwanza iliharibika siku ya Alhamisi, mwishoni mwa mwezi wa nane, mbele ya macho ya Merle Unruh mwenyewe, bomba la kupulizia likiwa bado mkononi mwake.

Alikuwa amemaliza boneti na mlango mmoja. Rangi ilitua vizuri, nzito, yenye majimaji, rangi ya zambarau lililoiva, ile inayokuwa nyeusi kivulini na nyekundu juani. Akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Hapo ndipo vishimo vilipoanza kufunguka. Kimoja karibu na kona ya boneti, kisha vitatu, kisha akashindwa kuvihesabu: viduara vidogo vidogo ambamo rangi ilijitenga na kukimbilia pembeni, kana kwamba chini yake kuna kitu inachokiogopa, ikaiacha praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, ikimkodolea. Mafundi huviita macho ya samaki. Merle alisimama akitazamana nayo mpaka kompresa ikajizima yenyewe.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Lindal, Kansas, na kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye maghala marefu ya ngano kando ya reli, mpaka mapafu yalipomwambia basi. Hakuwa fundi rangi. Fundi rangi alikuwa Gaylen Pruitt, jirani wa nyumba ya tatu, mtu aliyepaka mabasi ya shule na matrekta ya nusu ya wilaya kabla mkono wake wa kulia haujaanza kutetemeka. Gaylen ndiye aliyemfundisha. Kompresa ilikuwa ya Gaylen, bomba la Gaylen. Na asubuhi ile ile Gaylen alikuwa amekuja, akanywa kahawa jikoni kwa LaVonne, mke wa Merle, kisha akapita gerejini na kuizunguka pikapu mara moja bila kusema neno.

Merle alilikumbuka hilo mara tu vishimo vilipoanza. Hakulitafuta. Lilikuja lenyewe, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja kuitwa.

Pikapu ilikuwa Ford ya mwaka 1936, na Gaylen ndiye aliyeiona kwanza. Aliikuta chini ya magunia katika ghala la Alma Goertzen, mama mmoja mjane wa shambani, alipokwenda kumrekebishia mlango. Alirudi akamsimulia Merle kwa sauti ya chini, bodi haina kutu, madigadi yote manne, mabati ya juu ya magurudumu, yapo, hata taa moja ina kioo chake. "Nitampa muda," alisema. "Mumewe hajatimiza hata mwaka kaburini. Mavuno yakiisha nitakwenda kuzungumza naye."

Merle alitikisa kichwa akasema huo ndio uungwana. Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani, akafunga trela na kwenda kwa Bi Alma peke yake. Jioni pikapu ilikuwa uani kwake. Akamwambia Gaylen kwamba yule mama alimpigia simu mwenyewe, ikawa ghafla, angefanyaje.

Gaylen alipangusa viganja kwenye suruali. "Basi," alisema. "Afadhali imebaki mtaani."

Na Jumamosi akaja na mashine yake ya kuchomelea.

Miaka miwili Gaylen alikuja. Waliikata paa inchi tatu, wakaishusha mpaka ikakaribia kulamba ardhi, wakaitia injini ya silinda nane iliyonguruma hadi vikombe vya LaVonne vikagongana kabatini. Ikawa hotirodi ya kweli, gari kuukuu lililofufuliwa kwa mbio na madoido, ya kumfanya mtu mzima ageuze shingo barabarani. Mwanzoni Merle alishukuru. Baadaye shukrani ikaanza kumwasha kama sweta ya sufu. Ni nani anayemsaidia mtu aliyemzunguka? Mwenye kusamehe kiasi hicho ama ni malaika, ama ana jambo lake. Na Merle alimjua Gaylen tangu utotoni, hakuwa malaika.

Alipotoka gerejini Alhamisi ile, LaVonne alikuwa akikunja nguo.

"Umeshaharibu?" aliuliza, maana uso ulisema yote.

"Sijaharibu mimi."

"Basi nani, paka?"

Merle alimpita. Alikwenda kunawa.

Wiki nzima aliisugua boneti na ule mlango kwa msasa wa maji, akarudi mpaka kwenye praima. Gaylen alipomuona kazini siku ya Jumatatu, alisimama mlangoni, mkono unaotetemeka ameuficha mfukoni kama kawaida yake.

"Mbona umerudi kwenye msasa?"

"Vumbi," alisema Merle. "Upepo uliingiza vumbi."

"Vumbi." Gaylen aliinama akaitazama boneti kwa karibu. "Vumbi halimrudishi mtu mpaka kwenye praima, bwana. Vumbi unalisugua juu juu unaendelea."

"Lilikuwa jingi."

Gaylen alimwangalia kwa jicho ambalo Merle hakuweza kulisoma. Kwa nini anauliza sana, alijiuliza Merle, kama hajui jibu? Na kama analijua, anataka kusikia nini?

Alhamisi ya pili alijiandaa kuliko ya kwanza. Alitundika nailoni kuta zote, akamwaga maji sakafuni kuzuia vumbi, akafuta kila bati kwa tina ya kuondoa mafuta na kitambaa kipya. Dirishani aliwasha tena feni kubwa ya kuvuta moshi wa rangi nje. Kabla ya hapo Gaylen alikuwa amekuja tena kwa kahawa. Merle alikaa naye mezani safari hii, akimchunga.

"Shemeji," Gaylen alimwambia LaVonne, "pai hii ulimpikia nani, akakataa, ndiyo nikapewa mimi?"

"Kula unyamaze, na viwiko vyako viondoe mezani. Sasa hivi tu nimetoka kuipangusa."

"Kwangu nala nimesimama. Nikija hapa nafanywa mwanafunzi."

Wakacheka wote wawili. Merle hakucheka. Alikuwa akitazama mkono wa Gaylen ulioko mfukoni. Una nini humo? Walipopita gerejini, Gaylen aliutoa mkono huo, akaulaza juu ya boneti, kiganja kizima, na kuuacha hapo muda mrefu. "Imekaa vizuri," alisema. "Umesugua vizuri."

Alipoondoka, Merle alifuta mahali pale mara tatu.

Saa sita mchana vishimo vikafunguka tena. Safari hii havikuwa pale tu kiganja kilipowekwa, vilikuwa kila mahali, boneti nzima na milango yote miwili.

Siku ya pili Merle aliendesha mpaka Salina, kwenye duka la rangi. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani kichwani, alisikiliza maelezo mpaka mwisho.

"Silikoni," alisema. "Iko kwenye vitu vingi, mafuta ya kulainishia mpira, vitu vya kung'arishia. Chembe moja ikitua, rangi inaikimbia."

"Na mtu akitaka kumharibia mwenzake?"

Alimtazama juu ya kaunta. "Una ugomvi na mtu?"

"Nauliza tu."

"Basi ndiyo. Haimgharimu kitu."

Njiani kurudi Merle hakuwasha redio. Na alipopita posta ya Lindal aliliona gari la Gaylen limeegeshwa, Gaylen mwenyewe yuko ndani ya posta. Merle alisimamisha lake, akashuka, akachungulia dirishani kama mwizi. Kwenye sakafu ya abiria, kati ya risiti na glavu, kulikuwa na kopo la kupuliza. Alilazimika kuinamisha kichwa ili aisome lebo. Silikoni, kwa mipira ya milango.

Alirudi kwenye gari lake. Alichoona ajabu ni kwamba, pamoja na hasira, alijisikia pia nafuu. Kama Gaylen naye ana hila, basi wako sawa. Lile la Jumapili lingekuwa limelipwa.

Akamtegea. Alimwambia Gaylen atapaka Ijumaa. Kumbe alijua kwamba Jumanne Gaylen anakwenda Wichita kwa daktari wa mishipa, safari ya kutwa. Jumanne hiyo, gari la Gaylen lilipopinda kona, Merle akafunga mlango mkubwa na kuvaa kinyago. Alipaka boneti na milango, vyote alivyokuwa amevisugua upya tangu Ijumaa, tabaka tatu, akingoja. Saa moja ikapita, ya pili. Hakuna kilichofunguka. Rangi ililala kama maji ya bwawa usiku usio na upepo, na ndani yake aliuona uso wake mwenyewe, na kinyago.

Hakuhitaji ushahidi mwingine.

Wanaume wa Lindal waliostaafu hukutana saa tatu asubuhi kwenye mkahawa ulio mkabala na maghala, meza ya dirishani. Jumatano hiyo walikuwa watano, na Gaylen katikati yao. Merle hakuketi.

"Jana nilipaka rangi," alisema.

Gaylen aliinua macho. "Si ulisema Ijumaa?"

"Nilisema Ijumaa makusudi."

Virgil, mzee aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alisukuma kiti nyuma. "Sasa hapa tumekaa kunywa kahawa au kusikiliza kesi?"

"Mara mbili amepita gerejini kwangu," Merle aliwaambia, na sauti yake ilikuwa juu kuliko alivyokusudia, "na mara mbili rangi imeota macho ya samaki. Jana hakuwepo. Imetoka kama kioo. Na kwenye gari lake kuna kopo la silikoni, limelala pale chini, nendeni mkaangalie."

"Ni la mipira ya milango," alisema Gaylen.

"Hata mimi ningesema hivyo."

Hakuna aliyekwenda kuangalia. Mhudumu alisimama na birika la kahawa mkononi, hajui amimine au arudi. Gaylen alikiweka kikombe chini polepole, kwa mikono miwili, kisimwagike.

"Na kwa nini nikufanyie hivyo, Merle?"

Merle alifungua kinywa, akaona shimo lilipo. Alikuwa ameshalikanyaga. "Unajua kwa nini."

"Mimi najua. Nataka na hawa wajue."

Merle alitazama mlango.

"Basi nitawaambia mimi," Gaylen alisema, wala hakuinua sauti. "Alma Goertzen hakukupigia simu. Alinieleza wiki ile ile. Ulikwenda ukamwambia kwamba mimi nimebadili mawazo, siitaki tena, na kwamba nimekutuma wewe uichukue. Yule mama alinipa pole. Alidhani nina shida nyumbani." Alisimama, akavaa kofia. "Miaka miwili nimelijua hilo. Sikumwambia mtu. Kompresa ukimaliza nayo iache uani, nitaifuata mwenyewe."

Akapita kati ya meza akatoka. Virgil alitazama kahawa yake.

Habari ilimfikia LaVonne kabla Merle hajafika nyumbani. Alimkuta amesimama jikoni, hajavua aproni.

"Ni kweli ulimwambia Alma maneno hayo?"

"Hayo ni mambo mengine. Tunazungumzia rangi."

"Hapana, Merle. Wewe ndiye unayezungumzia rangi."

Usiku LaVonne alilala kwenye chumba cha binti yao aliyeolewa Nebraska, wala Merle hakumuuliza mpaka lini.

Merle alinunua kufuli mpya. Kila jioni alipofunga gereji alibandika uzi mwembamba kwenye mlango mkubwa, kwa ndani na kwa nje, ili akija mtu ajue. Asubuhi aliukuta mzima. Hilo halikumtuliza. Alianza kufikiri juu ya dirisha, juu ya tundu la bomba, juu ya funguo za zamani ambazo huenda Gaylen alizichonga. Akipita mbele ya nyumba ya Gaylen aliangalia mbele tu, na bado aliona pazia likicheza, au aliona kama linacheza. Mkahawani hakwenda tena. Alisugua madigadi manne na mlango wa nyuma wa pikapu, vipande vilivyobaki, akavitundika kwa waya kwenye boriti, vikaning'inia kama nyama buchani.

Jumamosi ya wiki ya pili upepo ulitulia, jambo adimu Kansas. Akaamua leo. Alikagua uzi, upo. Kufuli, halijaguswa. Akafuta, akamwaga maji, akawasha feni, akavaa kinyago. Gaylen alikuwa hajakanyaga pale kwa siku kumi na sita.

Digadi la kwanza lilitoka safi. La pili pia. Alipokuwa kwenye la tatu akaona kishimo, kisha ukoo wake mzima.

Wazo lake la kwanza, na alilionea aibu muda mrefu baadaye, lilikuwa kwamba Gaylen ametia kitu ndani ya kompresa. Alilizima bomba. Akaenda kwenye kompresa akafungua kichujio, akakinusa, yaani alitaka kukinusa, lakini kinyago kilimzuia, kwa hiyo akakivua.

Harufu iliyomjia ilikuwa ya ndimu.

Aligeuka. Gereji ilikuwa na mlango mdogo wa kuingilia jikoni, nao aliuziba kwa nailoni kama kuta. Nailoni hiyo ilikuwa imevimba kuelekea kwake, imejaa kama shavu la mtu anayepuliza tarumbeta. Feni dirishani ilivuta hewa nje, na kwa kuwa mlango mkubwa umefungwa, hewa ya kujaza nafasi ilikuwa ikiingia kutoka mahali pamoja tu, chini ya mlango wa jikoni.

Alibandua nailoni akafungua. LaVonne alikuwa ameinama juu ya meza ya kulia, kitambaa mkono mmoja, kopo la polishi ya kupuliza mkono wa pili. Meza iling'aa.

"Unafanya nini?" Merle aliuliza.

"Unaona nafanya nini. Akina mama wa kanisani wanakuja saa nane kushona."

"Na Gaylen akija?"

"Gaylen akija nini?"

"Unapuliza hiyo?"

LaVonne alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Gaylen ni mgeni. Mgeni akija napangusa meza. Miaka thelathini na nne unaishi humu, Merle." Kisha akaona uso wa mumewe, akaona rangi kwenye mikono yake, na macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye kopo. Aligeuza lebo akaisoma, midomo ikicheza. Akaliweka mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Asubuhi zile mbili," alisema. "Na Jumanne ile sikuwa na mgeni."

"Hukuwa na mgeni."

"Basi ni mimi."

"Si wewe," alisema Merle.

LaVonne alivuta kiti akakaa. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba siku nyingine aliyekivaa hana kosa.  Feni iliendelea kuvuta.

"Nenda," LaVonne alisema mwishowe. "Na usiende kesho. Mimi nitawafungulia akina mama."

Gaylen alikuwa bustanini nyuma ya nyumba, akichuma nyanya za mwisho. Alimuona Merle akipita kando ya ukuta, akaendelea kuchuma. Mkono wa kushoto ulichuma, wa kulia ulishika ndoo, na ndoo ikatoa mlio mdogo usiokoma.

Merle alimweleza wima wima, kuanzia vishimo vya kwanza mpaka nailoni iliyovimba. Hakuficha uzi wala kuchungulia posta. Alipofika kwenye polishi, Gaylen aliacha kuchuma.

"Polishi ya LaVonne."

"Ya ndimu."

Bega la Gaylen lilitikisika mara moja, ikawa kama anataka kucheka, kisha likatulia. "Ungeniuliza siku ile ya kwanza, ningekwambia kabla sijamaliza kahawa. Hilo ndilo swali la kwanza la fundi, nyumbani kwako kunapulizwa nini. Mabasi matatu ya shule yaliniharibikia kwa mafuta ya nywele ya karani." Alimwangalia. "Wewe ukaniambia vumbi. Nikajua unanidanganya, ila sikujua kwa nini. Nilikwenda nyumbani nikawaza wiki nzima nimekukosea wapi."

"Nilidhani unanilipizia."

"Najua ulichodhani. Ulikisema mbele ya Virgil."

"Mimi nilikuchukulia pikapu, Gaylen. Nilimdanganya yule mama, nikakudanganya na wewe."

"Ndiyo."

Merle alingoja neno jingine.  "Kwa nini basi ulinisaidia?"

Gaylen aliweka ndoo chini. "Unadhani nilikusaidia wewe? Nililisaidia gari. Lilikuwa limeshafika kwako, ningefanyaje, nilitazame kwa mbali likiharibiwa na mtu asiyejua hata kuchanganya puti? Wewe nilikuwa nakuvumilia." Alitafakari. "Mwanzoni. Baadaye nikazoea."

"Lichukue," alisema Merle. "Nakupa. Leo."

"Usinipe kitu ili wewe upate usingizi. Mkono huu hautakaa kwenye usukani nusu saa, daktari ameshasema. Unachonidai kiko mkahawani. Pale pale, saa ile ile, na Virgil awepo."

Jumatatu Merle alikwenda. Alisimama mahali alipokuwa amesimama, akasema yote, la polishi na la Jumapili, na kuwa Gaylen hakuwahi kugusa kitu chake kwa nia mbaya. Kiti cha Gaylen kilikuwa kitupu. Alipomaliza, mmoja alikohoa. Virgil akasema, "Kwa hiyo rangi yako iliharibiwa na usafi," na wawili wakacheka, ila Merle alijua kwamba hawakuicheka rangi. Tangu siku hiyo watu wa Lindal walimsalimia vilevile, lakini mtu mmoja aliyekuwa akimuuzia nusu ya ng'ombe wa kuchinja kila mwaka alisema mwaka huu ameshaahidi kwingine, na Merle hakumuuliza ni kwa nani.

Gaylen hakuja kupaka. Alituma ujumbe kwa LaVonne, naye aliuandika nyuma ya bahasha: zima feni mpaka mlango mkubwa ufunguliwe nusu, ziba mlango wa jikoni kwa tepu pande zote, osha kila bati mara mbili kwa tina, kopo lisishikwe wiki nzima. Merle alifuata neno kwa neno. Akina mama wa kanisani walishonea kwingine. Madigadi yalitoka, mlango wa nyuma ukatoka, isipokuwa mchirizi mmoja chini kabisa ambao yeye peke yake aliujua.

Katikati ya mwezi wa kumi pikapu iliungwa na kuwa kitu kimoja. Merle aliipakia kompresa nyuma, juu ya blanketi tatu, akaiendesha nyumba mbili mbele mpaka kwa Gaylen, akazima injini. Gaylen alitoka akiwa na soksi tu. Aliizunguka kama alivyoizunguka asubuhi nyingi, mikono mgongoni. Merle alisogea kwenye kiti cha abiria, akaacha mlango wa dereva wazi.

Gaylen alirudi ndani akavaa viatu.

Waliteremsha kompresa, wakaenda. Gaylen aliendesha kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza pajani, akauinua tu kwa kubadili gia. Walipita maghala, wakapita makaburi, wakaingia njia ya changarawe kati ya mashamba yaliyoota ngano changa. Huko akaikanyaga. Injini ilinguruma mpaka mifupani, na Gaylen, ambaye Merle hakumuona akicheka tangu pai ile, alicheka mara moja, kifupi, peke yake, akitazama mbele.

Kwenye daraja alipunguza mwendo. Mkono ulikuwa umeshachoka, unagongagonga pajani. Aligeuza gari, akalirudisha taratibu mpaka mbele ya sanduku lake la barua, akashuka.

"Inavuta kidogo kulia," alisema. "Kaangalie."

"Utakuja tuiangalie?"

"Nitaona."

Hakumkaribisha ndani. Alipanda ngazi zake akifunga zipu ya koti kwa mkono mmoja.

Merle aliiegesha uani kwake mchana kweupe, jua likiwa juu ya boneti. Angeingia ndani kula, chakula kilikuwa tayari, harufu ya mikate ya kabichi na nyama aliisikia mpaka nje. Badala yake alijikuta amechuchumaa upande wa dereva, kichwa kimeinama, anaitazama rangi ya mlango ubavuni, sentimita kwa sentimita, kuanzia pale Gaylen alipoushika kuufunga. Akaenda mbele ya digadi. Akarudi. Alikuwa ameshafika kwenye bawaba alipogundua anachokifanya.

"Unatafuta nini hapo?" LaVonne aliuliza kutoka dirishani.

"Hakuna kitu," alisema Merle, na alibaki amechuchumaa, kwa sababu magoti yalimuuma, na kwa sababu hakutaka kuinua uso mbele yake hivi sasa.